Muhuri wa Kiko cha Dobi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja una kiraka, limeegemea ukuta kati ya karakana ya Seremala na kibanda cha Dobi. Ukikaa kulia unakula vumbi la msumeno, ukikaa kushoto unakula mvuke wa pasi, na katikati anakaa Redio, mlinzi mstaafu, maana hapo ndipo masikio yake yote mawili yanapofanya kazi. Kahawa inamiminwa na Bimkubwa wa Birika, ambaye kwanza hukuapia kuwa mambo ya watu hayamhusu, halafu anakusimulia mpaka rangi ya mapazia yao. Asubuhi hiyo Dobi alikuja na kitu kimefungwa kwenye leso. Mtu wa miaka sitini na ushee, fundi wa kola kuliko wote, lakini tangu amzike mama yake mwezi uliopita alikuwa anaunguza nguo za watu kama mwanafunzi.

— Kuna anayejua viko hapa? aliuliza. Nataka umri wake tu.

Akafungua leso. Kiko cheusi cha mbao, mdomo umeng'atwang'atwa, shingoni kipete cha shaba, na chini ya kipete vijiandishi vilivyozibwa na uchafu.

Sababu hakuisema. Maisha yake yote mama alimwambia: baba yako alifariki mwaka sitini na moja, hata kutambaa ulikuwa hujaanza. Kumbe siku ya mazishi mama yake mdogo akalia, akalia, mwisho akaropoka: "Babako hakufa, bwana! Alirudi siku moja, wewe uko shule. Dada akamfukuza mlangoni, akasahau kiko chake." Kesho yake akaruka kimanga: "Uchungu ule, mwanangu, usinishike maneno." Lakini kiko kilikuwemo kweli, chini kabisa ya sanduku la marehemu, ndani ya soksi. Kikiwa cha kabla ya sitini na moja, mama alisema kweli. Kikiwa cha baadaye, basi Dobi alimwombea rehema mtu aliyekuwa anatembea.

— Lete huku, alisema Redio, akakigeuza kwenye mwanga. Mmh. Hiki cha mfalme.

— Mfalme gani? aliuliza Bimkubwa.

— Yeyote. Huoni muhuri? Taji hilo.

— Taji wapi, alisema Seremala. Samaki huyo.

— Samaki mwenye vidole?

— Basi mkono. Kiko cha serikali. Zamani kila mvutaji alipigiwa muhuri, ili akipotea arudishwe.

— Arudishwe nani, kiko au mvutaji?

— Vyote viwili! Ndiyo maana wahenga wakasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Dobi akapaliwa na kahawa.

— Na mwaka? aliuliza alipopata pumzi. Umeuona mwaka?

— Nambari zipo, naziona, alisema Redio. Ila wewe usikimbilie mwaka. Kwanza jiulize muhuri ulipigwa kwa mkono upi. Wa kushoto, hicho cha wapelelezi. Humo ndani ya bomba mna karatasi.

— We Redio, si umesema cha mfalme?

— Mfalme hana wapelelezi?

Bimkubwa akamnyang'anya.

— Ninyi wanaume mnasoma muhuri, mie nasoma meno. Tazameni. Kaking'ata huku, kaking'ata na huku. Huyu alikuwa na wake wawili, kila mmoja anamuudhi kwa upande wake.

Benchi zima likacheka. Dobi hakucheka.

— Umekitoa wapi? aliuliza Bimkubwa, jicho limeshachongoka.

— Kilikuwepo tu.

— Kitu hakiwepo tu, mwanangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Aliitupa kama anavyotupa methali zake zote, bila kuangalia inaangukia wapi. Ikamwangukia Dobi kifuani.

— Nisomeeni mwaka, alisema, sauti ikampasuka. Nawaombeni jamani. Mwaka tu.

Wakaona haya. Redio akajikuna shingo. Seremala akasimama.

— Uchafu ndio unaotutesa, ndugu yangu. Nipe mara moja. Nikipitisha msasa laini, herufi zitatoka zenyewe.

— Utaharibu, alisema Bimkubwa.

— Niharibu mbao, mimi? Haba na haba hujaza kibaba.

Dobi akampa. Kwani yeye naye si ndiyo kazi yake? Miaka yote anasugua, uchafu unatoka, nguo inabaki. Hakuwaza kuwa maandishi hayakukaa chini ya mbao. Yalikaa juu.

Seremala alisugua kwa mapenzi, kama anamuogesha mtoto. Alitema mate kidogo, akasugua tena. Shingo ikaanza kung'aa, rangi ya asali.

— Mbao nzuri hii, alisema.

— Maandishi?

Seremala akakigeuza. Akakigeuza tena. Akapuliza, kana kwamba herufi zimejibanza nyuma ya vumbi.

— Yalikuwa... hapa.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mgeni, mkono wa miwani yake umefungwa uzi.

— Samahanini, natafuta dobi. Nimefuata gauni langu.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Redio, ili mradi kuna mtu amesema kitu.

Yule mama akakiona kiko.

— Ala! Kipete hicho nakijua. Nimeuza kwenye duka la tumbaku miaka ishirini, mimi. Waliokitengeneza walikuwa na utaratibu wao: kila kiko walikipiga mwaka shingoni, tarakimu mbili. Hiki kinasema ngapi?

— Mwisho nane, alisema Redio, hata hakufikiri.

— Nane ilikuwepo, alisema Bimkubwa. Mie mwenyewe niliiona.

— Nane, alisema Seremala, kichwa chini.

— Nane ni ya mwisho, alisema mgeni. Na ya kwanza?

Redio akakikodolea macho kiko.

— Tano? Au saba. Mimi nilikuwa naangalia taji.

— Mie nilikuwa kwenye meno, alisema Bimkubwa taratibu.

Dobi akakichukua kiko, akapitisha kidole gumba shingoni. Laini. Hakuna hata mkunjo, kama kola aliyoinyoosha mwenyewe. Na yeye? Yeye hakuthubutu kuusoma mwaka mwenyewe, asubuhi nzima alikuwa akitazama nyuso zao, akingoja zimwambie.

Seremala akaingia karakana, akatoka na patasi ndogo kuliko zote. Akapiga magoti mbele ya Dobi, macho yamelowa.

— Nisamehe, ndugu yangu. Nitaichonga upya, hakuna atakayejua. Niambie tu, unataka iwe ngapi?

Tano, na baba yuko kaburini alikowekwa zamani. Saba, na baba yuko mlangoni anafukuzwa. Dobi akafungua mdomo, wote wakamtazama, na hakuna nambari iliyotoka.

Bimkubwa akainamisha birika amjazie kikombe. Yakatoka machicha.