Kiti cha Shangazi

Kwenye basi, mbele yangu, fundi cherehani mwenye futi shingoni alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, dereva wa lori asiyemjua, jinsi shangazi yake alivyomzuia kununua kiwanja.

"Shangazi yule usimwone vile! Sisi tumekodolea hati macho, yeye anatafuta pa kukaa."

Kiwanjani palikuwa na kisiki cha zege, na muuzaji alikuwa amekipamba kwa kitambaa na chungu cha maua. Shangazi akaondoa mapambo, akaketi. Mara akainuka, akapapasa pale alipokalia: alama ya radi, imechongwa.

"Akauliza tu, 'Kisiki mwenzake kiko wapi?' Tukachungulia kwa jirani, tukakiona, vimepangana mstari mmoja. Kumbe chini yake unapita waya mkubwa wa umeme, pale pale nilipotaka kujenga chumba cha kushonea!"

Nikamvulia shangazi kofia, ingawa sikuwa nayo.

"Hayo ni ya kubahatisha," dereva akasema. "Mimi naamini hati. Hati ina mihuri."

"Mihuri inayo, kaka yangu. Makalio haina."

Dereva aliitetea hati vituo vitatu, kisha akamgeukia fundi.

"Dada, hicho kisiki kina urefu gani?"

Fundi akavua futi, akapima kutoka sakafuni hadi gotini kwake. Basi likasimama. Dereva alikuwa bado ameikodolea futi macho.

"Kwangu kipo," akasema. "Mke wangu huanika masufuria juu yake."