Kaluki na Maana ya Kukusanya

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni, nanyi jirani zetu Waislamu mliofika, asalaam aleikum. Mimi ni Samuel, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Everlyn Kaluki Nzau, bila kuficha lile ambalo yeye mwenyewe alikataa lifichwe.

Kaluki alizaliwa tarehe 11 Aprili 1967 huko Mackinnon Road, ambako baba yetu, Mzee Nzau, alikuwa kibarua wa reli, na mwaka 1978 tulihamia hapa Msambweni baba alipopata shamba la skimu ya makazi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, na tarehe 8 Disemba 1990 akafunga ndoa na shemeji yetu Mutunga, muuza mbao wa Ukunda, wakajaliwa watoto wawili, Munee na Kavita.

Mwaka 1996 alifundishwa kazi ya mhudumu wa afya wa jamii, akaipenda, na baadaye akawekwa kuwasimamia wenzake, akipokea habari za wagonjwa kutoka vitongojini na kuzifikisha kwa afisa wa afya.

Mwezi Mei 2017, mvua zilipokuwa nyingi, Mwanarusi, mmoja wa wahudumu aliowasimamia, alimweleza kuwa kitongojini kwake watoto wanahara, mhudumu mwenzake Salimu naye akaja na habari kama hiyo kutoka upande wa pili wa barabara, kisha Twaiba, mama mmoja wa hapa kijijini, akamsimamisha sokoni akamwambia kuwa maji ya kisima yananuka. Dada yangu alimpokea kila mmoja kwa adabu, akampa kila mmoja ushauri wake, lakini hakuzilinganisha habari hizo akaona kwamba wote wanachota maji katika kisima kimoja. Kisima hakikufungwa, na tarehe 22 Mei, Kheri, mtoto wa Twaiba mwenye umri wa miaka minne, akafariki.

Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa wengine nao walimwambia. Yeye ndiye aliyevaa leso yake akaenda matangani, akaketi mbele ya Twaiba, akamweleza yote, na Twaiba akamuuliza, "Kumbe ulikuwa unajua?"

Kaluki akamjibu, "Habari zote zilinifikia, Twaiba, lakini sikuzikusanya."

Tangu siku hiyo Twaiba alimwitikia salamu tu, kwa kuwa salamu ni haki ya mtu, wala hakuongeza neno. Dada yangu alikonda, akaacha kuimba kwaya, nasi tulipomwambia kuwa ni kudra ya Mungu alitukataza, akisema Mungu alikuwa amemletea watu watatu wamwambie. Alirudi kazini akiwa mtu mwingine. Kila mhudumu mpya alimfundisha kwamba kuni hukusanywa kwa kurundikwa, lakini habari ukizirundika hujazikusanya, sharti uziketishe pamoja, uiulize hii inajuana vipi na ile, na ndipo uinuke ukafanye jambo. Mwaka 2021 kuhara kuliporudi, kisima kilifungwa mapema, hatukuzika mtoto, naye hakutaka kusifiwa.

Agosti 2024 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara kwa mara. Siku chache kabla ya mwisho, Twaiba alikuja wodini na uji wa mchele, akamnywesha mwenyewe, kisha akamwambia mbele yetu, "Kaluki, bado inaniuma, lakini nimekuja." Dada yangu alilia, hakuomba zaidi ya hapo, na jioni akaniagiza nisome habari hii leo, jina la Kheri likiwamo. Alifariki tarehe 6 Januari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wahudumu wenzake waliopokezana zamu kando ya kitanda chake, majirani mliotupikia na kulala nasi, na wewe, Mama Kheri, uliyekubali kuketi hapa na kusikia haya yakisomwa. Hatuna la kukulipa, wala hatukuombi useme lolote.

Dada yangu Kaluki, lala sasa, upumzike kwa amani.