Bohumil Vondra na Jumba la Ndugu wa Dubrava

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa ukumbi huu, familia imenituma mimi, Karel, niwasomee maisha ya mzee wetu Bohumil Vondra, na kwa kuwa maisha yake na jumba hili hayatenganishiki, mtanivumilia nikivitaja vyote pamoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Dubrava, Nebraska, mtoto wa pili wa Vaclav na Anezka, na babu yake alikuwa miongoni mwa Wacheki waliolijenga jumba hili mwaka 1898, juu ukumbi wa Chama cha Ndugu, chini maduka mawili, la mwokaji na la kinyozi, ambayo kodi yake iliuguza wagonjwa wa chama na kuzika wafu wake. Alisoma shule ya mji huu hadi 1954, akaajiriwa kwenye ghala la nafaka alikodumu miaka arobaini na mmoja, na mwaka 1957 akaapishwa chamani.

Novemba 1961 kinyozi wa hapo chini, Ladislav Kment, aliomba kujiunga. Kura zetu hupigwa kwa gololi, nyeupe ya kukubali, nyeusi ya kukataa, na nyeusi moja tu yatosha kumfungia mtu mlango. Ilitoka moja. Ilikuwa ya marehemu, kwa wivu tu, maana Kment alikuwa amecheza dansi ya polka mara tatu mfululizo na binti Otilie, ambaye marehemu alimwoa tarehe 9 Juni 1962, wakajaliwa dada yangu Zdena na mimi.

Miaka ikapita, ndugu wakazidi kufa, na mwaka 2016 wakabaki wanne, ilhali katiba inataka watano, la sivyo chama kifutwe na jumba liuzwe. Marehemu akashuka ngazi hadi kwa Kment, akasema, "Gololi ile ilikuwa yangu. Nisamehe, na ukiweza, tuokoe."

Kment akakung'uta taulo. "Keti, mzee, ndevu zako zinatia aibu. Ulidhani sijui? Mtu gani huenda kunyolewa mji wa jirani miaka hamsini na mitano, na kinyozi yuko chini ya miguu yake?" Akamnyoa, kisha akapanda naye juu kuapishwa.

Maradhi ya moyo yalimlaza marehemu Oktoba 2022, akafariki tarehe 2 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kment, ambaye zamu zake za kumuuguza zilizidi zetu sisi wanawe. Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa ghalani, na mwokaji kwa mikate yake.

Ndugu wakawa wanne tena. Juzi Kment alisimama akampendekeza mama yetu, mwanamke wa kwanza kuombewa nafasi, naye mama akasema, "Miaka sitini nawapikia supu, leo ndiyo mmeniona?" akacheka huku analia, akakubali.

Gololi zote zilikuwa nyeupe. Pumzika kwa amani, baba, wametimia watano.