Mama Salfa wa Michenga: Maisha ya Levina Theodori Matimbwa, 1966–2025

Mpendwa wetu Levina Theodori Matimbwa, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Mama Salfa hata mkasahau jina lake la ubatizo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Mwaya, upande wa Mahenge. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Theodori Matimbwa na Mama Balbina, wote sasa ni marehemu. Mama yetu alisimulia kwamba Levina alizaliwa mdogo kiasi cha kulazwa ndani ya ungo, na mkunga akasema hatafika Pasaka. Alizifikia Pasaka sitini. Mwili haukuongezeka sana. Kilichoongezeka ni sauti.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Alikuwa hodari wa hesabu na wa maswali, na mwalimu wake mmoja alimwekea kikomo cha maswali matatu kwa siku. Levina alikuwa akiyamaliza kabla ya mapumziko, kisha anawapa wenzake mengine wamuulizie. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na hakuchaguliwa. Mwaka 1983 alikwenda Mang'ula kuishi na shangazi yetu Kandida, akimsaidia kilimo na biashara ya mchele.

Mwezi Februari 1987 aliajiriwa kama mfagiaji katika kiwanda kidogo cha binafsi cha sukari kilichokuwa upande wa Kidatu, ambacho siku hizi hakipo. Baada ya miezi minane alihamishiwa stoo ya salfa, ule unga wa njano uliochomwa ili moshi wake usafishe maji ya miwa. Wenzake waliiogopa stoo hiyo kwa ajili ya harufu. Yeye aliipenda kwa sababu msimamizi wake, Mzee Obadia, alijibu kila swali. Alimfundisha kutumia beleshi la mbao badala ya la chuma, kufagia polepole bila kutimua vumbi, na kujua upepo unatoka wapi kabla hajafungua mlango.

Mwaka 1994 kibarua mgeni aliingia na beleshi la chuma. Likagonga sakafu, cheche ikaruka, unga ukashika. Mwingine akaja mbio na mpira wa maji, akaufungua kwa nguvu zote. Unga ukatimka, ukawaka hewani kama radi. Mzee Obadia aliungua mikono yote miwili. Alipona, lakini Levina, aliyemfunga vitambaa siku ile, hakuwahi kuisimulia habari hiyo kwa kucheka, na mnajua kwamba alicheka karibu kila kitu. Mwaka 1996 alikabidhiwa stoo yeye mwenyewe. Aliisimamia miaka kumi na saba, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2013, na hakuna aliyeungua hata kidole.

Tarehe 3 Agosti 1991, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Bwana Marcelino Lihawa, aliyekuwa fundi wa njia ya reli pale Mang'ula. Safari ya kwanza ya kutambulishwa kwa wakwe ilikuwa ngumu kidogo. Levina alitoka kazini moja kwa moja, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi yake Marcelino akaitikia marahaba, akanusa, akamwita mjukuu wake pembeni na kumwambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Mjukuu wangu, binti ni mzuri, ila ananuka kama jehanamu." Marcelino akajibu, "Bibi, mimi nanuka girisi. Tutafaana." Walifaana miaka thelathini na mitatu na miezi tisa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Aurelia, Fidel na Eveline.

Baada ya kiwanda kufungwa, familia ilihamia Michenga, nyumbani kwa Marcelino. Levina alilima mpunga, alifuga bata wengi kuliko ilivyokuwa lazima, na alijiunga na kwaya ya kigango. Huko ndiko alikopata jina la Mama Salfa, kwa sababu ya kisa ambacho familia imeniagiza, mimi mdogo wake Beatus, nikisome hapa kama kilivyotokea, maana kila mtu ana namna yake ya kukisimulia.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 13 Julai 2019, siku ya Kipaimara. Kanisa lilijaa. Watoto mia mbili na kumi na wawili walikaa mbele wakiwa na wasimamizi wao, na mmoja wao alikuwa Ursula, mjukuu wa kwanza wa Levina. Hatua thelathini kutoka kanisani palikuwa na stoo ya mfanyabiashara, Mzee Shilinde, ambaye siku tatu kabla alikuwa ameshusha mifuko mia na ishirini ya salfa ya kupulizia mikorosho. Asubuhi hiyo fundi wa kuchomelea alikuwa akitengeneza geti la stoo. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka kizingitini. Cheche ziliangukia pale.

Padre mgeni kutoka Ifakara, aliyetumwa na askofu kutoa Kipaimara, alikuwa katikati ya mahubiri. Levina, aliyesimama na kwaya, akasikia harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyowashwa, lakini haiishi. Akatoka kwa mlango wa pembeni. Alimkuta fundi ameinama anakohoa, na Mzee Shilinde amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee Shilinde, ndani kuna mifuko mingapi?"

"Mia na ishirini. Lakini mama, mbona hakuna moto? Ni moshi kidogo tu."

Moto wa salfa ni wa bluu iliyofifia na juani hauonekani. Levina akachomoa chelewa kwenye ufagio uliokuwa pale nje, akaisogeza juu ya ule unga uliomwagika. Ncha ikawaka mbele ya macho ya Mzee Shilinde.

Hapo mzee akataka kuingia. "Ngoja nitoe mifuko michache."

Levina, ambaye kichwa chake kilimfikia mzee huyo kifuani, akamshika mkanda wa suruali. "Ukiingia humo utatolewa na watu wanne. Mimi hao watu wanne siwatoi."

Mzee Shilinde hakuingia. Yupo hapa leo, na ameniruhusu nilisome hili.

Levina akarudi kanisani, akapanda hadi kwa padre na kumnong'oneza, "Baba, samahani. Stoo ya jirani inaungua, ni salfa, na moshi wake unakaba. Nikitaja moto watakanyagana mlangoni. Naomba utangaze maandamano."

"Maandamano ya nini, mama?"

"Hilo tutalijua tukifika, baba."

Padre alimtazama, akaikunja karatasi yake ya mahubiri, akatangaza kwamba waamini wote wataelekea kwenye tuta la barabara kwa maandamano ya kumwomba Roho Mtakatifu, watoto watangulie, na asiachwe mzee wala mgonjwa. Kwaya ikaanza kuimba. Levina akawatoa kwa mlango wa upande upepo ulikotoka, akatembea mbele yao kwa mwendo wa ibada, haraka kidogo. Bibi mmoja alilalamika njia nzima akiuliza liturujia hii mpya imeletwa na nani.

Waliokuwa nje ndio waliompa kazi. Baadhi walianza kukimbilia majarubani, kwenye mashamba ya mpunga kule chini, kwa sababu huko kulikuwa wazi. Levina aliwatuma vijana wanne wa kwaya wawarudishe. "Waambieni moshi huu haupandi. Unatambaa, na huko chini ndiko unakokwenda. Wapande tutani."

Alipowaona wamefika juu, akapiga simu 114. Mpokeaji wa zimamoto baadaye alituandikia maneno yake, na familia inayo karatasi hiyo: "Moto wa salfa, Michenga, karibu na kanisa. Mifuko mia na ishirini, watu wote wameshatoka. Njooni kwa njia ya barabarani, upepo unatoka huko. Vaeni vinyago. Na tafadhali msirushe maji ya nguvu, mtatimua unga, uwake hewani."

Mpokeaji akauliza, "Samahani, afande, unatoka kikosi gani?"

"Mimi ni sauti ya pili, kwaya ya kigango."

Wanaume walikuwa wameshaleta ndoo za maji. Mmoja alikuja na gunia la pumba za mpunga akidhani zitauzima moto kwa kuufunika. Levina alimrudisha na pumba zake. Palikuwa na lundo la mchanga la ujenzi wa sakristia, akaagiza umwagiliwe kwa keni. Watu wanne, vitambaa vibichi usoni, walikwenda kwa zamu fupi wakiwa wameupa upepo mgongo, wakaumimina mchanga mbichi taratibu pale kizingitini. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mlango. Wengine walilowesha paa la makuti la jiko na kuondoa mabua makavu. Bodaboda wote walitakiwa kusukuma pikipiki zao kwa miguu mpaka barabarani, bila kuwasha injini. Walinung'unika, wakasukuma.

Gari la zimamoto lilifika baada ya dakika arobaini na mbili. Kwa mitungi ya hewa na maji ya manyunyu, waliumaliza moto saa nane mchana. Mifuko arobaini na sita iliteketea. Kanisa halikuguswa. Fundi na Mzee Shilinde walilazwa usiku mmoja kwa kikohozi, wakatoka. Watoto wote mia mbili na kumi na wawili walipewa Kipaimara palepale juu ya tuta, huku mabasi ya Mlimba yakipunguza mwendo na abiria wakifanya ishara ya msalaba madirishani.

Nilifika kutoka Ifakara alasiri hiyo. Nilimkuta dada amekaa nyuma ya gari la zimamoto, peke yake, analia.

"Shikamoo, dada. Kuna aliyeumia?"

"Marahaba. Hakuna. Nimemhesabu Ursula mara tatu, na mara zote tatu yupo. Bado nataka kumhesabu."

Baada ya siku ile, serikali ya kijiji ilimwomba apite kwenye maghala kuwafundisha watu, naye akapita, Michenga hadi Mang'ula, kwa baiskeli ya Marcelino. Mzee Shilinde alijenga stoo mpya mbali na makazi, mahali pa juu, yenye matundu ya hewa, na Levina alimkatalia mlango mara mbili kabla ya kuridhika na wa tatu. Askari wa zimamoto walimwalika azungumze na vijana wao wapya. Alikwenda na beleshi la mbao na bata mmoja wa zawadi.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa hospitali mjini Ifakara, akapata nafuu, akarudi shambani, ingawa daktari alikuwa amesema asirudi. Mwezi Aprili mwaka huu hali ilibadilika akalazwa tena. Jumapili ya mwisho nilimpelekea mshumaa wa Pasaka nikitaka kuuwasha kitandani tusali. Alisogeza kinyago usoni akasema, "Beatus, mimi napumulia oksijeni. Sali gizani, Mungu anaona." Muuguzi alicheka hadi akakaa. Levina alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Ameacha mume, Bwana Marcelino Lihawa. Watoto watatu, Aurelia, Fidel na Eveline. Wajukuu sita, akiwemo Ursula, ambaye sasa yuko sekondari na anataka kusomea uuguzi. Ndugu wanne, wakwe, wanakwaya wenzake wa sauti ya pili, na bata ishirini na mmoja ambao Fidel amekubali kuwatunza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mapadre, wanajumuiya, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza.

Dada yetu Levina, umefanya kazi yako. Bwana akupe pumziko lenye amani, na mwanga wa milele ukuangazie. Amina.