Mama Kadi, Mwalimu Aliyeishusha Kengele

Mwalimu wa kitengo chetu cha watoto wenye usonji, yule tunayemwita Mama Kadi, anastaafu tarehe 30 Novemba baada ya miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo amegombana na wakuu wa shule watano, wakaguzi wote na mpishi. Ni mimi peke yangu, mlinzi na mpiga kengele wenu, ambaye sijawahi kukwaruzana naye. Bahati nimezaliwa nayo. Shule niliishia darasa la sita, na ndiyo maana nimeandika mimi: wasomi wangewasinzisha.

Jina lake limetokana na kadi za picha anazojaza mfukoni: choo, maji, nyumbani, nimechoka. Mtoto asiyesema anachagua picha, mambo yanakwenda. Mwalimu wa hesabu alimtania kwamba anafundisha karata. Akajibiwa kwamba wanafunzi wake yeye wanasema vizuri sana na bado hawamwelewi.

Kisha akaja binti wa fundi cherehani, miaka saba. Alikuwa anapiga ukelele ghafla, anaingia chini ya meza na kujing'ata mkono. Walimu wakasema kadekezwa. Kamati ya shule ikampa siku thelathini: asipotulia, arudi akakae chini ya cherehani ya mama yake.

Mama Kadi, na magoti yake yale, akaingia naye chini ya meza akiwa na daftari. Wiki nzima aliandika kilichotangulia kila ukelele. Jibu likawa kengele yangu, kile kipande cha reli ninachokigonga kwa chuma. Alijua pa kutafuta, maana kwenye mafunzo ya ualimu alifundishwa na mtu mzima ambaye mwenyewe ana usonji, aliyewaambia: kabla hamjamrekebisha mtoto, kikagueni chumba.

Reli ikashushwa, vikaja vitambaa vya kupandishwa kwenye mlingoti wa bendera: cha njano dakika tano kabla, chekundu muda umekwisha. Kamati ilipokuja ilimkuta binti kwenye kiti, ametulia kama waziri. Baadaye nilianika fulana yangu nyekundu kwenye mlingoti, shule nzima ikaenda nyumbani saa nne asubuhi, naibu mkuu akiongoza msafara. Tangu hapo vitambaa anavipandisha binti mwenyewe. Hakosei hata dakika, na walimu wachelewaji hawampendi.

Mama Kadi, asante. Kapumzishe magoti, ulale mpaka jua lichoke kukusubiri. Tunakuombea siku nyingi, afya, na majirani wasio na redio.

Na lile la kutokukwaruzana nawe ni uongo. Ulikuja kila asubuhi kuniomba niache kugonga, nami nikagonga kwa nguvu zaidi, kwa sababu bila ile reli nilijiona si mtu. Nilikataa siku kumi na tisa. Mtoto alikuwa amebakiwa na nne.