Kipa Aliyeandikwa Mfagiaji

Mheshimiwa Meya wa Port Lennard. Bwana Gillis, Mwenyekiti wa Bodi ya uwanja huu wa barafu. Mchungaji Sparks wa kanisa letu la Birch Hill. Makocha na wachezaji. Wafanyakazi wenzangu wa zamu zote mbili. Mabibi na mabwana. Na wewe shangazi yangu Odessa, uliyeketi hapo mbele na kofia yako ya Pasaka ilhali Pasaka bado, wewe kwa haki ningekutaja wa kwanza, ila ratiba niliyopewa imekuweka kwenye "wageni wengineo". Shikamoo, shangazi.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Bwana Gillis amenikumbusha mara mbili, na mara ya pili amenishika bega kabisa. "Lorne," kaniambia, "toa shukrani, tupige makofi, tukate keki." Shukrani nitatoa. Keki nimeiona, haitaoza kwa dakika kumi.

Nawashukuru kwa saa hii ya ukutani. Ni saa nzuri. Miaka thelathini na saba nimeamka saa kumi alfajiri kuja kumwagia maji barafu hii na kupitisha mashine ya kuisawazisha, ili watoto wenu waikute laini, na sikuchelewa hata siku moja; leo nimestaafu, sina pa kuwahi, ndipo mnanipa saa! Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipofungua boksi.

Lakini, ndugu zangu, sikusimama hapa kuchekesha. Nimekasirika. Nasema wazi mapema, ili asije mtu akasema kesho kwamba mzee Cromwell alikuwa na huzuni ya kuaga. Huzuni sina. Nina hasira, na nimekaa nayo miaka yote niliyofanya kazi humu, nikiwaamkieni "habari za asubuhi" nayo iko kifuani.

Kila anayeingia humu hupita kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Ndani yake mna picha ya Machi 1903. Vijana saba wa timu ya mji huu wamesimama na magongo yao ya hoki, vifua mbele, na pembeni kulia yuko mtu mweusi ameshika ufagio. Chini yake pana karatasi iliyopigwa chapa: "Timu ya Port Lennard. Kulia, mfagiaji wa uwanja."

Mtu yule ni Thaddeus Cromwell. Ni babu yangu mimi, ni baba mzazi wa mama huyu aliyekaa hapa mbele yenu. Hakuwahi kuajiriwa kufagia uwanja huu hata kwa siku moja. Aliyefagia uwanja huu ni mimi. Yeye alikuwa kipa, na siku ilipopigwa picha ile alikuwa ametoka kuwafunga mdomo hao saba wote.

Nani kati yenu alikuwa analijua hilo? Inueni mikono. Haya. Naiona mikono ya Birch Hill, basi.

Enzi zile barafu ilitengenezwa na Mungu, haikutengenezwa na mashine. Makanisa yetu ya watu weusi yalikuwa na ligi yake ya hoki, Baptisti kwa Baptisti, na mashabiki walikuja kwa magari ya farasi kutoka vijiji vya mbali. Uwanja ulikuwa hapa hapa, wa mbao. Januari tulipokuja kuukodi, tukaambiwa subirini. Februari, subirini. Machi, barafu ilipoanza kuyeyuka na timu za mjini zimemaliza mashindano yao, ndipo tulipofunguliwa mlango. Babu yangu alikuwa akisema, "Wenzetu walicheza kwenye barafu, sisi tulicheza kwenye supu."

Sasa nisikilizeni vizuri, nyie makipa vijana mliokaa kule nyuma, maana jambo hili linawahusu. Kwenye supu ile kisahani, kile cha mpira tunachokipiga kwa magongo, hakiruki. Kinakuja chini chini, kinapasua maji, na kipa aliyesimama wima anakitazama tu kikipita katikati ya miguu. Katika ligi ya mjini, kipa kupiga magoti ilikuwa marufuku; ukigusa chini, unatolewa. Kwetu sisi hakuna aliyejali kutuandikia kanuni. Basi babu akapiga magoti. Akaziba goli kwa mapaja, kwa kifua, kwa chochote alichonacho. Huko kujitupa chini mnakofanya leo, na makocha wenu wanawalipisha wazazi kuwafundisha, kulianzia katika maji machafu ya Machi, kwa watu walionyimwa barafu safi.

Mjini wakasikia. Wakasema, hawa watu wa kanisani wanajisifu mno, waleteni tuwafundishe adabu. Wakakubaliana kila timu icheze kwa kanuni za ligi yake. Uwanja ukajaa mpaka watu wakapanda kwenye mihimili ya paa.

Shuti la kwanza, babu chini. Kicheko! "Tazameni, anasali!" Shuti la pili, chini. "Mchungaji, huyu mwenzako kaanza ibada bila wewe!" Mwingine akapiga kelele kutoka juu, "Mwambieni aseme amina tumalize!"

Babu akakisukuma kile kisahani pembeni, akainua kichwa, akasema, "Amina."

Ikawa ndiyo hivyo mchezo mzima. Akizuia, amina. Akizuia, amina. Tulipofunga goli la tatu waliokuwa wakicheka walikuwa wamenyamaza, na tulipofunga la nne Birch Hill yote ilikuwa imesimama inaitikia amina hata pasipo shuti lolote. Manne kwa moja. Na hilo moja, babu alilihesabu kuwa dhambi yake mpaka anaingia kaburini.

Subirini, Bwana Gillis, nimeuona mkono wako. Bado sijafika.

Sharti la kukodi uwanja kwa watu weusi lilikuwa kwamba tukimaliza tufagie maji yote kabla ya kuondoka. Timu za mjini hazikufagia. Kwa hiyo mshindi wa siku ile alishika ufagio. Na mpiga picha, aliyekwishalipwa kuwapiga picha mabingwa wa mjini, akawapanga vijana wake saba, walioshindwa hao, halafu akamwita babu: "Wewe, njoo hapa. Simama pembeni."

Babu alikwenda mbio. Alifikiri anaitwa kwa sababu ameshinda. Jamani! Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alirudi nyumbani akawaambia watu, "Nimepigwa picha na wale wa mjini, nitatoka gazetini." Jumapili ile kanisa zima lilimpigia makofi. Wiki mbili baadaye picha ikatundikwa kwenye dirisha la duka, na chini yake yameandikwa maneno mnayoyajua. Mama yake alikuwa ameshikana naye mkono walipokwenda kuiona.

Shangazi Odessa ananiambia kwamba baba yake alimleta hapa kuteleza kwenye barafu kila Jumamosi alipokuwa mtoto. Alimfunga viatu nje, akamsukuma mlangoni, akabaki kwenye theluji akimsubiri. Mtoto akauliza, "Baba, mbona huingii?" Akajibu, "Nina joto." Mwezi wa pili, Nova Scotia, mtu ana joto! Hakukanyaga ndani ya jengo hili mpaka alipokufa, kwa sababu ya ile picha.

Mtauliza, Lorne, una ushahidi gani? Bodi iliniuliza hivyo hivyo. Nimewaandikia barua tatu. Ya kwanza hamkuijibu. Ya pili mkasema mnalishughulikia. Nilipoleta ya tatu mkononi, Mwenyekiti aliyekuwapo wakati ule aliisoma amesimama, akaniambia, "Haya mambo ya zamani, Lorne, hayana nyaraka. Barafu iko tayari?" Ilikuwa tayari. Barafu yenu ilikuwa tayari siku zote.

Waraka umo ndani ya kabati lenu. Mimi nimekifuta kioo kile kila asubuhi, nikaitazama picha ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Mkitoka hapa, nendeni mkatazame magoti. Wale saba, suruali zao zimekauka. Mtu wa ufagio, suruali yake imelowa chapachapa kuanzia gotini kushuka chini. Mfagiaji gani anafagia kwa magoti?

Kisha inueni macho, mtaona kibao cha shaba juu ya kabati. "Burton Rafuse, kipa wa kwanza kupiga magoti." Mnaona? Rafuse ndiye yule aliyesimama katikati ya picha, magoti makavu. Ndiye aliyefungwa manne. Alianza kupiga magoti miaka mingi baadaye, kanuni yao ilipofutwa, na alikuwa amejionea kwa macho yake pale alipojifunzia. Wajukuu zake mko humu, nawaona. Sina ugomvi nanyi, na babu yenu alikuwa kipa hodari. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mmewezaje kumpa mmoja shaba na mwenzake ufagio?

Shangazi yangu ana miaka themanini na mmoja. Daktari amemwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Ameniomba jambo moja tu kabla sijakabidhi funguo: alisome jina la baba yake likiwa limeandikwa sawasawa. Hakuomba sanamu. Hakuomba uwanja uitwe kwa jina lake.

Kwa hiyo leo asubuhi, nikiwa bado mtumishi halali wa uwanja huu, nimelifungua kabati. Nimeitoa karatasi yenu. Nimeweka nyingine, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ambao si mzuri lakini unasomeka: "Kulia, Thaddeus Cromwell, kipa wa Birch Hill, mshindi wa siku hii."

Karatasi ya zamani hii hapa, naitoa mfukoni mwangu. Nakiri nimeharibu mali ya Bodi. Basi kama kuna mtu anayeona irudishwe mahali pake, Meya, mjumbe wa Bodi, yeyote yule, apite hapa mbele aichukue mkononi mwangu, na akishaichukua amgeukie mama huyu, amsomee kwa sauti.

Nasubiri.

Bwana Gillis? Hapana? Haya.

Basi nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho. Shangazi, nipe mkono, inuka polepole. Keki watakata wenyewe, sisi twende tukasome.