Mama Adolphine na Visa ya Mwenye Mashine

Tarehe 28 Juni 2003, Mama Adolphine anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika uhamiaji, karibu yote hapa Baraka, upande wetu wa Kongo, kwenye bureau, ofisi ya bandari. Mimi, ninayewaandikia wageni barua zao za Kifaransa palepale, nimepewa kazi ya kumsimulia. Nakiri: kuandika naweza, kusema mbele yenu bila karatasi siwezi.

Wafanyabiashara wa Kigoma na Bujumbura walimwogopa kidogo. Aliwaeleza visa bila kuzungusha: anayepitia Uvira kwenda Bujumbura, ya kupita; anayeuza sabuni na kurudi, ya muda mfupi; anayeleta kazi yake hapa, ya kukaa. Halafu swali lake, ambalo haliko katika sheria yoyote: "Ukigonjwa huku, nani atakupikia uji?" Asiye na jibu, ya kukaa hapati. Wengine walikimbilia sokoni kutafuta urafiki, wakarudi na wenyeji wao, wote wanacheka.

Mnaukumbuka mwaka juzi. Vita vilikuwa vimemaliza mashine zote za kusaga, na wamama walibeba mihogo mpaka Nundu, kwa barabara ile ya hofu. Ndipo Suzanne akafika kutoka Kigoma na mashine yake. Aliomba visa ya muda mfupi, akidhani ndiyo rahisi. Komanda wa askari wa bandari akafurahi: mgeni wa siku chache arudi na mtumbwi uleule, mashine ibaki kwake yeye komanda, eti kwa usalama.

Mama Adolphine akakataa. "Mashine haikuje kutembea, komanda. Huyu ni wa kukaa." Kisha, mbele ya komanda, akamuuliza Suzanne swali lile. Suzanne hakumjua mtu hata mmoja hapa. Moyoni nilimlaumu Mama: si angeacha swali hilo, leo tu?

Yeye akageuka, akawatazama wamama waliosimama mlangoni na vikapu vyao.

"Ni sisi!" wakapiga kelele. "Tutamupikia mpaka akatae! Na we komanda, ukichukua mashine, kuja utwange mihogo yetu!"

Hata askari wake walicheka. Mhuri ukapigwa, na komanda hakuwa tena na njia ya kumrudisha.

Zamani niliona visa ni kazi ya serikali peke yake. Siku ile niliona watu wakimpokea mtu.

Mama, unakwenda Ubwari kwa wajukuu. Asante kwa ukali wako. Uwe na afya, ulale usingizi mzuri. Suzanne amezima mashine asubuhi hii aje kukuaga, na wamama wamekubali kungojea unga.